Mtoto Aliyenuna Tumboni

Mama,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, na ya kwangu nitakueleza taratibu maana si nzuri. Naandika nimepiga magoti, karatasi nimeiweka juu ya kochi la Bi Zaina, mama mkwe wangu, na viwiko nimeviegemeza kwenye mto. Kwa mwandiko utanisamehe, mgongo wangu hautaki tena kusikia habari ya kiti. Hamisi yuko kibandani kwake soko la Mwanga anashona, mama yake ameitwa kwenye msiba mtaa wa pili hapa Rusimbi. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuwa mtoto wako.

Mimba imeingia mwezi wa tisa. Mtoto ameshaleta kichwa chini, hilo nashukuru, lakini amenuna. Neno ni lako, sina jingine. Ulikuwa ukiwaambia wanawake uliowazalisha kule kambi ya wakimbizi kwamba wapo watoto wanaonuna tumboni: mgongo wake anauweka kwenye mgongo wa mama yake, kama mtu na mumewe waliogombana wakalala kitanda kimoja. Wenzake wanatazama nyuma, yeye anatazama mbele, kitovuni, kana kwamba anatafuta mlango mwingine wa kutokea. Ulijua kwa macho tu. Ulikuwa ukiliangalia tumbo likiwa wazi, unaona pale kitovuni pamebonyea kama sahani, unasema, "Huyu kanuna," halafu ndipo unaweka mikono kuhakikisha.

La kwangu limebonyea hivyo hivyo. Niliona mwenyewe nikioga, kabla hata muuguzi wa kliniki hajaniambia. Mateke yote nayapata mbele, vidole vidogo vinakwaruza chini ya kitovu, na kisogo chake kinasaga mfupa wa kiuno changu mchana kutwa. Nikikaa, kinasaga. Nikilala chali ndiyo usiniulize. Nikisimama kuchota maji nashika ukuta kama bibi kizee. Muuguzi alinipapasa pande zote, akaniambia nisiogope, wengi hugeuka wenyewe uchungu ukishaanza. Nikamuuliza na wasiogeuka? Akasema baadhi huzaliwa hivyo hivyo wametazama juu, ila uchungu unakuwa mrefu na unakaa mgongoni, na baadhi inabidi wasaidiwe. Akaandika kitu kwenye kadi kwa wino mwekundu. "Uchungu ukianza usikae nyumbani," alisema, "njoo hospitali mapema." Alisema vizuri, kwa upole, nami niliitikia ndiyo huku moyoni najua kwa nini siwezi.

Wewe ungelaumu kochi. Ulikuwa na ugomvi na viti, Mama, wallahi. Ulisema mwanamke aliyeegemea nyuma siku nzima anamlaza mtoto wake vibaya, na nakumbuka nilikuwa nakuonea aibu kwa maneno hayo mbele ya wauguzi wa kambi. Na dawa yako ilikuwa moja tu. Wakija wageni wapya toka kwetu Burundi, wakishapewa turubai na kusimamisha kuta za udongo, wewe ulikuwa unapita kwenye vibanda vyote kukusanya wajawazito wa mwezi wa nane na wa tisa, unawapeleka kusiriba sakafu za wageni. Wanapiga magoti, viganja kwenye udongo uliochanganywa na majivu, tumbo linaning'inia, wanasugua wakirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Mgeni anapata sakafu, mtoto anapata nafasi," ulikuwa ukisema. Mtaa wetu wote ulisiribwa na wanawake wenye mimba. Watu walikucheka lakini walikuja. Mgongo ulikuwa unawapoa hapo hapo, hilo niliona kwa macho yangu. Kama watoto walikuwa wanageuka kwa sababu ya udongo au wangegeuka tu wenyewe, hata wewe hukuwahi kuapa. "Wengine waligeuka," ulisema, "wengine hawakugeuka," na hao wa pili hukupenda kuwazungumzia.

Hapa Rusimbi sakafu ni ya saruji, na mimi nimekaa kwenye kochi tangu mwezi wa tano. Bi Zaina ndivyo anavyoheshimu mkwe. Mimba ya kwanza ya mwanawe wa pekee wa kiume, nisiiname, nisibebe, nisichutame. Ananiletea ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, ananiwekea mto mgongoni, ananiambia, "Egemea, mwanangu, egemea." Nami niliegemea, Mama. Baada ya miaka tisa ya foleni ya mgao wa chakula na foleni ya maji, mtu akikuambia uegemee utakataa? Nilijiona nimefika.

Sasa nikuambie kwa nini hapajawahi kuwa na matanga yako ya kweli katika nyumba hii. Unajua nusu, lakini acha niandike yote, maana sina mtu mwingine wa kumwambia.

Nilipotoka kambini bila kibali kwenda kufanya kazi za ndani Mwanga, nilijiita Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinafanana kiasi kwamba hakuna aliyenishika, na Kiswahili cha kambi kilinitosha. Hamisi aliponipenda, mama yake akasema wanataka kupeleka posa kwa wazazi wangu, wao ni watu wa heshima, hawachukui mtoto wa watu kama wanaokota kuni. Kama ningesema uko hai, wangefunga safari na kanga zao mpya na wangekukuta kwenye kibanda namba fulani, mtaa namba fulani, na mimi ningerudishwa huko pamoja na posa. Nikasema baba alikufa nikiwa mdogo, na hilo ni kweli. Halafu nikasema na mama pia.

Bi Zaina alilia. Mimi sikulia, yeye ndiye aliyelia. Alinivuta kifuani, na wiki ile ile akakupikia sadaka. Aliwaita majirani, akatandika mikeka uani, akapika wali na samaki, migebuka mikubwa ya kukaanga, shehe akaomba dua, watu wakala wakakuombea pepo. Wewe wakati huo nadhani ulikuwa unakoroga uji wako wa mgao. Nilikula sadaka yako, Mama. Nikaongezewa, nikala tena.

Na mimba ilipofika miezi mitatu nikaja kukuona, unakumbuka, kwa uongo mwingine juu ya ule. Nilimuaga Bi Zaina kwamba nakwenda kupalilia kaburi lako. Akanipa jembe dogo, jipya, la mpini mfupi. Nilikuletea jembe lile hadi mlangoni pako, nikashindwa kueleza limetoka wapi, mwishoni nikaeleza yote nikiwa nimefunika uso kwa kanga. Nilingoja unipige. Wewe ukauliza, "Walinipikia nini?" Nikasema wali na migebuka. "Migebuka mikubwa?" Mikubwa. "Basi nimekufa vizuri," ukasema, ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukachukua jembe ukaenda kulima maharage nyuma ya nyumba.

Ungenipiga ingekuwa afadhali. Kicheko chako kile nimekibeba mpaka leo na hakipungui uzito.

Mimba ilipokuwa na miezi saba, nilimpelekea Hamisi chakula cha mchana sokoni. Nikiwa nasubiri amalize kula nirudi na vyombo, nikamwona Mama Domitila, jirani yetu wa kambini, amesimama kwenye nyanya. Alikuwa amepewa kibali kumleta mjukuu wake hospitali. Alinisalimia kwa Kirundi, taratibu, na mimi nikamjibu, "Salama mama, karibu," kama mtu asiyemjua. Mama Domitila si mjinga. Alielewa papo hapo. Akainama, akawa anachagua nyanya moja moja, akasema bila kunitazama, "Aliyekuzaa ametangulia. Homa. Siku tatu tu. Wiki ya tatu sasa tumeshamzika." Nikashika nyanya na mimi. Nikamuuliza kama uliniulizia. Akasema, "Aliuliza mimba yako imefika miezi mingapi. Tukamhesabia." Akalipa nyanya zake akaenda.

Nikarudi kwa Hamisi nikachukua vyombo. Akaniuliza mbona machozi. Nikasema mgongo unaniuma.

Haukuwa unauma, Mama. Siku ile ulikuwa mzima kabisa. Ila nikaona kwamba kwa mgongo nitaruhusiwa kulia, na kwa mama nimeshamaliza ruhusa yangu, mama yangu alishapikiwa akaombewa watu wakanawa mikono. Nani analia mara ya pili kwa marehemu yule yule, tena kwa sauti? Basi nikalia mgongo. Asubuhi mgongo, mchana mgongo. Bi Zaina ananikanda kwa mawese ya moto, mahali ambapo hapana ugonjwa wowote, anasema "pole mwanangu," na mimi nalia kwa kwikwi kwa ajili yako chini ya mikono ya mama wa mtu mwingine. Majirani wanasema mkwe wa Bi Zaina ana mimba ngumu.

Wiki chache baadaye mgongo ukaanza kuuma kweli. Ndipo nikaliona tumbo limebonyea.

Muuguzi ananiambia haina uhusiano, watoto hukaa hivyo bila sababu, tena kwa mimba ya kwanza na ya sita sawasawa. Namsikia. Lakini niambie wewe, nimwamini vipi? Nilisingizia mgongo, nikapewa mgongo. Nilimkana mama yangu, na mtoto wangu kanuna. Usiku na mchana kanipa mgongo, hasemi nami, anatazama nje. Najua ungenizaba kibao kwa kusema hivi. Ungesema, "Mtoto hana kesi na mtu, inuka kwenye kiti hicho." Basi nimeinuka.

Wiki tatu zilizopita nilianza kupiga magoti. Udongo sina, nikachukua kitambaa na ndoo nikaanza kusugua saruji ya chumba chetu, kila siku Bi Zaina akienda sokoni, narudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama ulivyofundisha. Mama, nilipoweka viganja chini mara ya kwanza na tumbo likaning'inia, ule mfupa ukaachiwa. Nililia kwa raha. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa kutoumwa. Nilikaa pale chini nikizungumza na wewe kwa Kirundi kwa sauti ndogo, na ile ndiyo siku pekee tangu ufe niliyojisikia nina mtu.

Siku ya nne Bi Zaina akarudi mapema, akanikuta. Alipiga kelele mpaka jirani akaja. "Tumbo hilo unadeki? Watu waseme namtesa mkwe wangu?" Akaninyanyua kwa makwapa. Nikamwambia haidhuru, inapunguza maumivu, na huenda ikamsaidia mtoto kugeuka. Akanikazia macho. Si mtu mbaya, alitaka kujua tu. "Nani kakufundisha hayo?"

Hapo ndipo mahali pako palipokuwa, Mama. Sentensi moja. Hata ningeweza kusema mama yangu alinifundisha zamani, kabla hajafa, ningekuwa nimedanganya tarehe tu. Nikaogopa kwamba nikianza kukutaja sitanyamaza. Nikasema, "Nimesikia redioni."

Basi ikawa ya redio. Unamjua mtu wa mjini akisikia redio imesema. Bi Zaina aliitangaza kisimani, akaitangaza msikitini upande wa wanawake, akaitangaza kwa muuza dagaa. Juzi tumepita kwa Mama Rehema mwenye mimba ya nane, tukamkuta amepiga magoti na kitambaa, anacheka, anasema, "Dawa ya redio hii, shoga, mgongo umepoa!" Wapo wengine wawili mtaa wa nyuma. Mpaka mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ndiye ningemwogopa kuliko wote akijua nilikotoka, anasugua ua wake. Wanawake wa Rusimbi wanapiga magoti kwa maneno yako na hakuna anayejua kwamba uliwahi kuwapo duniani. Kwanza nilikuua, halafu nikachukua kazi ya mikono yako nikaipa sanduku la betri nne.

Na wangu hajageuka. Leo asubuhi nimetoka kliniki tena. Muuguzi kapapasa, kapapasa tena. Bado. Nikamwambia nimepiga magoti wiki tatu. Akasema kama yananipunguzia maumivu niendelee, lakini hawezi kuniahidi kwamba yatamgeuza, tusubiri uchungu. Akaniuliza nimeandaa nini kwa safari ya hospitali.

Sijaandaa. Bi Zaina anataka nizalie hapa, chumba alichozalia yeye watoto wake sita, na mkunga wake ameshapewa habari. Mimi ningekataa kwa kadi ya muuguzi, wino mwekundu ule Hamisi angeusikiliza. Kinachonizuia ni kingine. Hospitali ile kubwa ya mjini ndiko gari la kambi linakoleta wanawake walioshindwa kujifungua. Ndiko ulikowasindikiza wewe, nami nikikubebea mkoba wa nguo, mara ngapi? Manesi wa wodi ya wazazi wanakujua kuliko wanavyowajua madaktari. Walikuwa wakikutania, wakikuachia benchi ulale. Na walikuwa wakikuitaje? Mama Goreti. Mama Goreti kaja, Mama Goreti umetuletea mgonjwa gani leo.

Hapa mimi ni Mariamu. Wewe ulipewa jina kutokana na langu, ukalichukua kila mahali kama kitambulisho, na mimi nililiacha kwenye basi la Kasulu kama mtu aliyesahau mwavuli. Nikiingia wodi ile, yupo nesi atakayenitazama mara mbili. Najua kabisa. Atasema, "Si wewe Goreti? Mama hajambo?" Na nyuma yangu atakuwa amesimama mkwe wangu.

Nimelipima kila upande. Nikizalia hapa, mtoto amenuna hivi, uchungu ukirefuka, hakuna gari litakaloitwa mpaka iwe tumechelewa. Wewe unamjua yule mwanamke wa mtaa wa saba, ambaye hukutaka kumzungumzia. Nikienda kule, wakinitambua, Hamisi atajua alimwoa nani, Bi Zaina atajua alimpikia nani, na kabla ya arobaini yangu balozi atakuwa ameshabisha hodi. Labda Hamisi atanitetea. Simwoni akinitetea. Ni mtu mwema, lakini ni mwema kwa Mariamu. Nadhani nitarudi kambini na kichanga mgongoni, na wewe hutakuwepo, na kibanda wameshapewa wengine. Hilo ndilo zuri kati ya mawili.

Tangu asubuhi tumbo linakaza na kuachia. Si uchungu bado, nahesabu kama ulivyokuwa ukihesabu, haufuatani. Lakini kiuno kinawaka. Bi Zaina atarudi msibani kabla ya alasiri na barua hii itakuwa imeshaingia jikoni kwenye mkaa, kwa hiyo niseme haraka.

Kwaheri, Mama. Sikukuzika, sikukulilia kwa jina lako, sina hata mahali pa kupalilia. Nakuahidi jambo moja na sikuahidi kwamba litaishia vizuri. Akirudi tu namwonyesha wino mwekundu, naomba nipelekwe hospitali, nakwenda na miguu yangu. Na yule nesi akiniita Goreti, mkwe wangu akiwa amesimama pale na beseni na kanga za mtoto, nitaitika. Akiuliza mama hajambo, nitamwambia amekufa mwaka huu, kambini, kwa homa ya siku tatu, na kwamba mimi ni mwanawe.

Nikinyamaza hata hapo, usinisubiri huko uliko.

Mwanao,
Goreti